Kutu Ilayo Injini ya Ndege Ikiwa Imelala

Eropleni ndogo inapotua Bukoba kando ya Ziwa Viktoria, sisi hutazama mabawa na rangi yake. Lakini roho za abiria hutegemea vyuma tusivyoviona. Ndege ya injini moja ikizimikiwa juu ya visiwa vya Muleba haina injini ya pili ya kuiokoa.

Wengi hudhani injini huchakaa kwa kazi tu. Sivyo. Injini kuukuu huweza kuharibika upesi zaidi ikikaa bure. Chukua mfano wa injini za Lycoming za Marekani, zilizomo katika Cessna nyingi. Ndani mna mhimili uitwao kamshafti, unaofungua valvu za silinda. Mhimili huo umewekwa juu. Ndege ikilala majuma mengi, oili huchuruzika chini na kuuacha mtupu. Hapo unyevu wa ziwani huzaa kutu, na siku injini inapowashwa kutu hiyo husaga chuma kama mchanga. Kwa hiyo kampuni hushauri injini ifunguliwe na kufanywa upya baada ya miaka 12, hata kama haikuruka sana.

Fundi hujuaje hali ya ndani? Hukata chujio la oili na kutafuta chembe za chuma. Hupitisha kamera nyembamba katika tundu la plagi, akague kuta za silinda na valvu. Tena husukuma hewa ndani ya silinda, asikilize inakovujia.

Na kinga yake? Oili yenye chujio hubadilishwa kila saa 50 za kuruka, au kila miezi 4. Ndege irushwe saa nzima, injini ipate moto wa kutosha kufukuza maji. Kuiwasha chini kwa dakika chache hakusaidii, bali huongeza unyevu. Wala usizungushe rafadha kwa mkono, maana utafuta oili iliyobaki. Ikibidi ilale zaidi ya siku 30, hutiwa oili ya kuhifadhi, huwekewa plagi zenye dawa ya kunyonya maji, na matundu yake huzibwa.

Nawe mwenye mashine ya mtumbwi au kinu cha kahawa, usiitupe stoo kabla ya kumwuliza fundi namna ya kuihifadhi. Mashine iliyonyamaza si lazima iwe nzima. Kikulacho ki nguoni mwako.