Mgomba Hukulia Chini

Katika mashamba madogo yaliyo karibu na nyumba za askari nchini Uganda, mama hukata machipukizi ya mgomba kwa panga, na baada ya siku chache hukuta kila moja limetoa jani jipya katikati. Husemwa kwamba mgomba ni mkaidi. La, si ukaidi. Ndiyo maumbile yake.

Mmea haukui mwili mzima kama akuavyo mtoto. Una sehemu maalum zenye chembe hai changa, ambazo kazi yake ni kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Msumari uliopigiliwa katika mwembe, mita 1 toka ardhini, hubaki hapo hapo miaka yote ingawa mti unarefuka, kwani mwembe hurefukia kwenye ncha za matawi.

Mgomba umeificha sehemu hiyo. Kile kidhaniwacho kuwa shina ni vikonyo vya majani vilivyoviringana. Shina la kweli ni tunguu lililo udongoni, na chembe zinazogawanyika zimekaa juu yake, katikati, karibu na usawa wa ardhi. Kila jani huanzia hapo, kisha husukumwa juu. Panga likipita juu ya mahali hapo hukata majani tu.

Basi atakaye kupunguza machipukizi hana budi kukichimbua kiini hicho kwa ncha ya chuma. Katika kila shimo wabaki mama, mtoto na mjukuu. Wakizidi hugombea chakula kimoja, na mkungu huwa mdogo. Tena chuma kipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, kwa maana mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001, huenezwa pia na panga.

Wapishi wa matoke nao wana lao la kujua. Wakati ukifika, chembe zile huacha kuumba majani zikaumba ua, nalo hupanda ndani ya mgomba hadi juu. Tangu hapo mgomba huo hautoi jani jingine. Majani uliyo nayo ndiyo yatakayoulisha mkungu hadi ukomae. Ayakataye ili kufunikia matoke ya leo hupunguza matoke ya kesho. Majani ya kupikia na yatoke katika migomba iliyokwisha kuvunwa.