Talaka Ikitoka, Minazi Inabaki kwa Nani?

Nchini Msumbiji hakuna raia anayemiliki ardhi. Ibara ya 109 ya Katiba ya 2004 inasema ardhi ni mali ya dola: haiuzwi, haiwekwi rehani, wala haihamishwi kwa njia nyingine. Kwa hiyo mume na mke wanaoachana Palma, Kionga au Mocímboa da Praia hawagombanii udongo. Wanagombania vilivyosimama juu yake: nyumba, minazi, mikorosho, kisima, chumba cha pili kilichoishia kwenye linta mwaka ambao fedha za samaki zilikatika. Pamoja na hivyo wanagombania haki ya kuitumia ardhi yenyewe, ambayo kule kila mtu anaitaja kwa herufi zake nne za Kireno, DUAT.

Ukimsikia mtu wa huko, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, anasema kwamba ana DUAT, usidhani lazima ana karatasi. Sheria ya Ardhi, namba 19 ya 1997, inatambua njia tatu za kuipata. Kuna anayeomba na kupewa kibali na serikali. Kuna aliyekaa mahali kwa nia njema kwa miaka 10 au zaidi. Na kuna aliyeipata kwa mila za jamii yake, kwa kuwa babu alifyeka pale, bibi akapanda, wakazikwa palepale. Wengi wa pwani hii wako katika kundi hilo la mwisho. Hawajapata kuomba chochote kwa mtu yeyote, na haki yao ni kamili. Ikibishaniwa, ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume kwa wanawake, unakubalika kisheria.

Sheria hii imesifiwa sana, na kwa haki. Lakini imemsaidia zaidi mwanakijiji anayekabiliana na mtu wa nje kuliko mwanakijiji anayekabiliana na mwenzake wa kitandani. Inataja wazi kwamba wanawake wana haki sawa na wanaume, hata katika urithi. Ila kijiji kikishasema "ardhi hii ni yetu", swali la nani ndani ya nyumba moja ana nini linarudishwa barazani, kwa regulo (chifu wa mila), kwa shehe, kwa katibu wa mtaa na kwa wajomba.

Ni lazima niwataje wajomba, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea. Wanakuja wakidhani mila ni adui wa mwanamke tu. Wamakonde na Wamakua wa bara ya mkoa huu huhesabu ukoo kwa mama, na kwa desturi yao ya zamani mwanamume ndiye huhamia kwa wakwe. Ndoa ikivunjika, yeye ndiye hufunga virago. Wamwani wa pwani na visiwa vya Kirimba ni Waislamu wa karne nyingi, lakini hata kwao upande wa mama haukupata kufutika. Ukitaka kuiona desturi hiyo ikiwa imekomaa, vuka bahari hadi Ngazidja, Komoro: kule nyumba hupita kwa mabinti kwa utaratibu wa manyahuli, na mume aliyeacha huondoka kwenye nyumba ambayo haikuwa yake tangu siku ya harusi.

Kwa hiyo swali zito kwenye baraza la talaka kaskazini mwa Cabo Delgado ni moja: mlikaa kwa nani? Mwanamke aliyejengewa kwenye kiwanja cha mama yake hutoka kwenye ndoa akiwa na paa juu ya kichwa. Aliyemfuata mume kwao, tuseme kutoka Olumbi hadi Palma mjini, anaweza kuondoka na vyombo vyake na mtoto mgongoni, hata kama zege la msingi lilinunuliwa kwa fedha za pweza aliowachokoa miambani maji yalipokupwa. Dini nayo haimwongezei sana hapo, kwa sababu fikihi haijui chumo la pamoja linalozaliwa na ndoa yenyewe. Kila mmoja ana chake, naye anadai mahari yake, matunzo ya eda, na kile anachoweza kuthibitisha kwamba alikitolea fedha au jasho.

Minazi ina hesabu ya peke yake. Katika mila za pwani yetu yote, mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Aliyepanda ndiye mwenye mti. Sasa mnazi mrefu wa kienyeji huchukua kati ya miaka 6 na 10 kuanza kuzaa. Mume anachimba shimo, mke anabeba maji kila jioni ya kiangazi mpaka mche unashika, mbuzi wanafukuzwa na watoto. Huyo aliyepanda ni nani? Barazani, mara nyingi, ni yule aliyeshika jembe.

Hapo ndipo Sheria ya Familia inapoingia. Ya kwanza baada ya uhuru ilikuwa namba 10 ya 2004, iliyofuta utawala wa kanuni za Kireno zilizomfanya mume kuwa mkuu wa familia. Ikafuatiwa na namba 22 ya 2019, inayotumika sasa. Zote mbili zinakubali ndoa ya serikali, ya dini na ya mila. Wanandoa wasipochagua vinginevyo, mali zao huingia kwenye utaratibu wa chumo la pamoja: ulichokuja nacho ni chako, ulichorithi au kupewa zawadi ni chako, na mlichokichuma kwa kazi zenu katika ndoa ni cha wote wawili, nusu kwa nusu. Hakuna anayeulizwa risiti ya saruji wala nani alishika jembe.

Na wale walioozwa msikitini tu, bila kwenda kuandikisha? Ni wengi mno. Sheria inawachukua kwa mlango mwingine, união de facto, yaani kuishi kama mume na mke bila kusajiliwa. Mwaka 2004 ilitosha kukaa pamoja zaidi ya mwaka mmoja. Tangu 2019 inatakiwa zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Mali zao nazo hugawanywa kama chumo la pamoja. Ni mlango mzuri, lakini una kizingiti: wote wawili wawe watu ambao kisheria wangeweza kuoana. Mume akiwa na ndoa nyingine iliyosajiliwa, mke wa pili anakwama nje. Kwenye pwani ya Waislamu, kizingiti hicho hakiwagusi watu wachache.

Ukivuka tu mto Ruvuma kuingia Tanzania, mambo yanageuka. Kuna familia zenye jamaa Mtwara na Palma, na ndoa huvuka mto kama mitumbwi inavyovuka. Tanzania haina nusu ya moja kwa moja. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaiachia mahakama ipime mchango wa kila mmoja. Kwa muda mrefu majaji walibishana kama kupika na kulea ni mchango, hadi Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani nazo zinahesabika. Uamuzi huo unatajwa kila mahali kama ushindi wa wanawake. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona alikuwa ametapanya fedha ambazo mumewe alimpa kwa ajili ya familia. Akawashindia wenzake, yeye akarudi mikono mitupu. Nikilinganisha kingo hizi mbili, nauona upande wa Msumbiji una sheria rahisi zaidi kwa mwanamke, na upande wa Tanzania una mahakama zinazofikika zaidi. Nusu kwa nusu iliyo kwenye kitabu haimfai mtu asiyeweza kumfikia hakimu.

Kisha ikaja gesi. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ilitangaza ugunduzi mkubwa baharini kwenye bonde la Ruvuma, na rasi ya Afungi, kusini ya Palma, ikatengwa kwa kiwanda: eneo la takriban hekta 7,000. Familia zaidi ya 500 zilitakiwa kuhama, na kijiji kipya cha Quitunda kikajengwa. Kanuni za kuhamisha watu zilikuwa zimetolewa na serikali mwaka 2012, na kampuni iliahidi kufuata pia viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), ambavyo vinataka hati na makubaliano ya fidia viandikwe kwa majina ya wanandoa wote wawili.

Fidia ilibadilisha talaka. Mnazi uliosimama unaweza kugawanywa taratibu: yeye avune msimu huu, wewe ujao, au mke abaki na nyumba na mume aje kuangua nazi zake. Watu wamekuwa wakiishi na suluhu za namna hiyo tangu zamani, bila hakimu. Mnazi uliogeuka meticais hauna msimu ujao. Umeingia benki kwa jina fulani, na mwenye jina hilo ndiye anayepanga foleni kwenye mashine. Ndiyo maana sharti la majina mawili, linaloonekana dogo kwenye kurasa nyingi za mpango, ndilo pekee linalomlinda mke siku ndoa ikivunjika. Lakini ni majina mawili tu: nyumba ya mwenye wake wawili ina wanandoa watatu, na hapo kiwango cha kimataifa na Sheria ya Familia vinamwacha mtu yuleyule nje.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilifika Palma mjini tarehe 24 Machi 2021. Mamia ya maelfu walikimbilia Pemba (mji mkuu wa mkoa, si kisiwa), Metuge, Montepuez, Nangade, wengine hata mkoa wa Nampula. Wanandoa wengi walitengana njiani, ndoa nyingine zilivunjikia kambini. Mocímboa ilikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji, na watu wakaanza kurudi, si wote kwa siku moja. Mtu aliyetangulia ndiye aliyeezeka tena, na mwaka mmoja baadaye mtalaka wake anapofika anamkuta mke mpya jikoni.

Kisheria mambo hayo hayabadilishi kitu. Haki iliyopatikana kwa mila haifi kwa sababu mwenyewe alikimbia risasi, na nyumba iliyojengwa katika ndoa haiwi ya aliyetangulia kurudi. Tabu ni ushahidi. Pale ambapo hati ni kumbukumbu za majirani, kuwatawanya majirani ni kuichana hati. Yule mama mzee aliyeona nani alibeba maji ya minazi yuko Metuge. Katibu wa mtaa aliyepokea mchango wa msingi wa nyumba huenda hayuko duniani. Daftari lililokuwa ofisini liliteketea na ofisi.

Hata hivyo mahali pa kuanzia pako. Mahakama za jamii, zilizoundwa kwa sheria namba 4 ya 1992, hazidai wakili wala Kireno cha vitabuni; mahakimu wake ni watu wa palepale na husikiliza kwa lugha ya palepale. Udhaifu wake ni uleule wa barazani: mahakimu nao wana wajomba. Mwanamke asiporidhika anaweza kupeleka shauri mahakama ya wilaya, na IPAJ, taasisi ya serikali inayotetea wasio na uwezo, ipo kwa kazi hiyo. Akifika huko ataulizwa mashahidi kabla ya yote. Kwa hiyo anayeishi bado kambini, na aliyeachika, afanye sasa jambo lisilomgharimu kitu: awatafute waliomwona akipanda na kujenga, aandike majina yao kamili na mahali walipo leo, na karatasi hiyo asiiweke kwenye nyumba ya mtalaka wake.