Kiburi cha Mwalimu Humziba Masikio

Waama hakuna mahali panapomlea mtu kiburi kwa upole kama mbele ya ubao. Unaingia, vijana arubaini wanasimama kwa pamoja. Unawaambia waketi, wanaketi. Ukisema, wanaandika. Ukikosea, aghalabu wanaandika vilevile. Mtu akikaa katika hali hiyo miaka kumi, asipojihadhari, ataanza kuamini kwamba husimamiwa yeye, wala si kazi aliyopewa.

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Mwaka wa 1994 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha tatu katika shule moja ya bweni huku bara. Siku hiyo niliingia na Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ili niwaonjeshe vijana ushairi wa kale. Msomaji aujuaye atakumbuka jinsi mshairi anavyoililia Pate: majumba ya mawe yaliyokuwa na taa, vyombo vya kaure na wageni wa kila namna, kisha yakawa magofu ya popo na ndege. Tukafika penye neno “madaka”. Sikulijua. Badala ya kukiri, nilikiwaza upesi kitenzi “kudaka”, nikawaeleza kwa sauti ya mtu asiye na shaka kwamba madaka ni vitu vilivyonyakuliwa vitani, yaani nyara.

Mvulana mmoja akainua mkono. Alikuwa mwenyeji wa Siyu, mji ulio katika kisiwa kile kile cha Pate.

“Samahani, mwalimu. Kwetu daka ni shubaka la ukutani. Nyanya huweka sahani zake humo.”

Darasa likatulia, likinisubiri. Nikamjibu kwamba hapa twasoma Kiswahili sanifu, si cha nyumbani kwao. Wenzake wakaangua kicheko, naye akaketi. Muhula ule mzima hakuinua mkono tena katika somo langu. Nami, ole wangu, nikakihesabu kimya chake kuwa adabu.

Jioni, peke yangu, niliusoma ubeti ule upya. Mshairi asema kwamba palipopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Je, ndege hujenga kiota ndani ya nyara? Hata mtoto wa darasa la nne angeliona kosa langu. Tena hilo neno “sanifu” nililolitumia kama fimbo halikuwa na kazi pale. Kamati iliyoundwa mwaka wa 1930 kusanifisha Kiswahili ilishika lahaja ya Unguja, ilhali utenzi ulikuwa umekwisha kutungwa karne moja nyuma au zaidi, tena kwa Kiswahili cha visiwa vya Lamu. Katika chumba kile, mwenye lugha ya kitabu alikuwa ni yule kijana niliyemkalisha. Mwili wangu ulikuwa darasani, lakini mimi sikuwapo. Nilikuwa nikijitazama nikifundisha.

Na ajabu ya mambo ni kwamba mshairi mwenyewe hakumkaripia mtu. Hamsemi jirani wala mtawala. Auhoji moyo wake, aupeleka kwenye magofu na kuuonyesha kilichobaki. Sisi walimu tumezoea kuzitwaa beti hizo na kuwaelekezea wanafunzi, kana kwamba sisi tumesamehewa.

Najua watakaoniuliza: mwalimu akikiri kwamba hajui, darasa halitamdharau? Hofu hiyo ni ya kweli, siibezi, maana wako vijana wanaonusa udhaifu kama papa anusavyo damu. Lakini siku hizi, kijana mwenye simu mfukoni atalitafuta neno kabla ya kengele kulia, na atakachokikuta si kwamba mwalimu hakujua, bali kwamba alidanganya. Na wanafunzi nao wasicheke mno: wako wanaofunga masikio pindi mwenzao wa shule ya kijijini aanzapo kusema, wakingoja tu matamshi yake yateleze.

Mwaka wa 2009 nilifika Lamu kwa mara ya kwanza. Katika nyumba moja kongwe ya mawe niliingizwa chumba cha ndani, na hapo nikaziona: zidaka safu juu ya safu, zimechongwa katika chokaa, ukuta mzima. Mama mwenye nyumba, akiniona nimeduwaa, akaniuliza kama nazijua ziitwavyo. Nikamwambia nilifunzwa na kijana wa Siyu.

“Mwana wa nani?”

Nikamtajia jina. Akafikiri, akatikisa kichwa, kisha akanielekeza gatini, nikawaulize manahodha wa mashua za Siyu, ambao huondoka maji yakijaa.

Sikwenda. Kesho yake alfajiri nilikuwa na basi la Mombasa, kwenye mkutano wa walimu ambao mimi ndimi niliyekuwa mwenyekiti wake.