Kifaa cha Kukazia Uzi wa Mwanzi wa Kuvulia

Wewe mkulima wa Kinangop, au wa popote penye mto wa trauti, yatazame mapema mafungo ya pete za mwanzi wako wa kuvulia. Ukiyafunga upya huku umeshika uzi kwa vidole, mkono huchoka, uzi ukakaza hapa ukalegea pale. Siku samaki mkubwa atakapovuta, pete itachomoka, naye atakwenda na ndoana yako.

Chukua sanduku dogo, ukate pande mbili zinazoelekeana mfano wa herufi V. Humo mwanzi utalala na kuzunguka. Nyuma yake weka kitabu kinene. Tia kibiringo cha uzi katika kikombe kisikimbie sakafuni, pitisha uzi kati ya kurasa, kisha weka jiwe juu ya kitabu. Jiwe likiwa zito uzi hukaza; likiwa jepesi hulegea. Hata daftari la hesabu za maziwa litafaa, likiwa nene.

Piga tupa miguu ya pete iwe myembamba, uzi uipande bila kuruka. Bandika pete kwa utepe. Mizunguko ya kwanza ikanyage ncha ya uzi. Zungusha mwanzi, si uzi. Ikibaki mizunguko 8, laza kitanzi cha uzi mwingine, kichwa kikielekea mbele, uzungushe juu yake. Ukimaliza, kata uzi, ingiza ncha kitanzini, uvute. Ncha itafichika chini.

Pete isogee kidogo ukiisukuma kwa kidole, upate kuzinyoosha zote. Uzi uliokazwa mno huuma mwanzi. Paka vanishi mara mbili, ikauke kabisa kabla hujaenda mtoni.