Wapimao nyota watufunze kusahihisha hesabu

Wako watu ambao kila wasikiapo kwamba wataalamu wamebadilisha tarakimu waliyoitangaza miaka iliyopita, hucheka na kusema kuwa wasomi hao hubahatisha tu. Elimu ya falaki ndiyo ipatayo sehemu kubwa ya kejeli hiyo. Ni nani, huulizwa, aliyewahi kupanda juu mbinguni akaiweka nyota kwenye mizani?

Swali hilo ni halali, na jibu lake si gumu. Nyota hupimwa kwa kutazama mwendo wa kitu inachokivuta. Kila chenye uzito huvuta kilicho karibu nacho, na kadiri uzito unavyozidi ndivyo kinachozunguka kinavyolazimika kwenda kasi zaidi ili kisivutwe kikaangukia ndani. Tunajua umbali uliopo kati ya dunia na jua, na tunajua kwamba dunia hulizunguka jua kwa mwaka mmoja. Kwa kanuni za Newton, mambo hayo mawili hutusaidia kujua kuwa jua lina uzito wa dunia zipatazo 333,000.

Njia hiyo hiyo hutumika kwa nyota za mbali. Mwaka 1844, mwanafalaki Mjerumani, Friedrich Bessel, alitangaza kwamba Sirius, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ilikuwa ikiyumba katika mwendo wake kana kwamba inavutwa na kitu kisichoonekana. Penye moshi hapakosi moto. Mwaka 1862, Alvan Graham Clark wa Marekani, akiijaribu darubini mpya, aliiona nyota hafifu ubavuni mwa Sirius.

Nyota hizo mbili huzungukana kwa muda wa miaka 50 hivi, na umbali wa wastani kati yao ni kama mara 20 ya ule wa dunia na jua. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuikamilisha hesabu. Azidishe 20 kwa 20, kisha kwa 20 tena, apate 8,000. Agawanye kwa 50 mara 50, yaani 2,500. Jibu ni 3.2. Kwa pamoja, basi, nyota hizo zina uzito wa majua matatu na ushei.

Kisa kingine cha upimaji huu kinatugusa sisi Wakenya. Tarehe 12 Desemba 1970, nchi yetu ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ilipewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kazi ya kutafuta miali ya eksirei itokayo angani.

Miongoni mwa vitu ilivyovichunguza ni kile kiitwacho Cygnus X-1. Uhuru ilionyesha kuwa eksirei zake hubadilika kwa muda usiotimia hata sekunde moja, dalili kwamba chanzo chake ni kidogo mno kwa ukubwa. Darubini zilipoelekezwa huko zilikuta nyota kubwa ya rangi ya buluu, ambayo kila siku 5.6 hukamilisha mzunguko pamoja na mwenzake asiyeonekana. Mwaka 1972, Louise Webster na Paul Murdin wa Uingereza, na Tom Bolton aliyekuwa Canada, walichapisha vipimo vya mwendo wa nyota hiyo. Vilionyesha kuwa huyo asiyeonekana ni mzito kiasi kwamba huenda ni shimo jeusi, na hivyo ndivyo wataalamu walivyokuja kukubali.

Kwa miaka kadhaa uzito wake ulikadiriwa kuwa wa majua 15 hivi. Mwaka 2021 tarakimu hiyo ilipanda hadi 21. Kulitokea nini? Umbali ulipimwa upya kwa darubini za redio, ukaonekana kuwa kama miaka ya nuru 7,200, wala si 6,000 kama ilivyodhaniwa. Kwa kuwa iko mbali zaidi, nyota ile ya buluu ilidhihirika kuwa kubwa na angavu zaidi, na uzito wa mwenzake ukapanda pamoja nayo.

Je, waliosema 15 walikuwa waongo? Hasha! Walieleza bayana umbali walioutumia, na ndiyo sababu waliokuja baadaye walijua pa kurekebisha.

Uwazi huo ni wa lazima zaidi katika kupima galaksi, ambazo nyota zake ni mabilioni na haziwezi kuhesabiwa moja moja. Hapo hupimwa wingi na rangi ya nuru. Lakini nyota kubwa hutoa nuru nyingi mno, ilhali zile ndogo, ambazo ndizo nyingi, karibu hazionekani. Hivyo mpimaji hana budi kukisia ni ndogo ngapi zilizopo kwa kila kubwa moja. Akitumia uwiano wa Edwin Salpeter wa mwaka 1955 atapata uzito fulani. Akitumia uwiano wa siku hizi, uzito huo hupungua kwa thuluthi au zaidi. Mtaalamu mwaminifu hutaja ametumia upi.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumezoea kutangaziwa tarakimu za mavuno, za madeni na za ajira bila kuelezwa zilivyopatikana. Kisha zinapobadilika, anayetangaza huona haya na anayesikiliza huzomea. Lililo bora ni kuuliza kipimo kipya ni kipi, na cha zamani kilitegemea nini.

Walimu wetu waweza kuanza kulifunza zoea hilo hata sasa. Kati ya Januari na Aprili, Sirius huonekana wazi jioni kila pembe ya Kenya. Hesabu yake yatosha mistari mitatu ubaoni, na setilaiti ya Uhuru yastahili kutajwa katika somo hilo hilo.