Waunda Maudhui na Kauli za Kisiasa

Waunda maudhui, yaani watu wanaotengeneza video, picha na maandishi kwa ajili ya wafuasi wao mtandaoni, hudhaniwa kuwa kazi yao ni burudani tu. Hata hivyo, Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, ambao awali ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ulichambuliwa sana kwenye TikTok na X, hata waandamanaji wakaingia bungeni tarehe 25 Juni, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Muunda maudhui anayenunua mkate ana haki kamili ya kuujadili mswada kama huo mbele ya wafuasi wake. Linalostahili kukemewa ni kauli ya kisiasa iliyolipiwa kwa siri, kwa kuwa mfuasi huipokea kama msimamo wa dhati, kumbe ni tangazo.