Ekrani ya pili kwenye biro ya kooperative: kuichagua na kuiunganisha



Kooperative nyingi za upande wa Aru na Ariwara sasa ziko na ordinatere moja ya kubeba. Ndani yake tunaandika kilo za kahawa, maharage ao karanga ambazo kila mwanachama ameleta, na franka ambazo atapokea. Lakini ekrani yake ni ndogo, inchi 14 ao 15, na inamtazama sekretere peke yake. Mkulima anasimama upande wa pili wa meza na anaona mgongo wa ordinatere tu. Anaambiwa "kilo 62", anaitika, anarudi nyumbani. Shaka inaanzia hapo.

Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatuhusu tangu Kongo iingie OHADA mwaka 2012. Inampa mwanachama haki ya kupata habari za kooperative yake. Ekrani ya pili, ikigeuzwa upande wa mkulima, inatimiza haki ile kila siku ya kupima, si siku ya mkutano mkuu tu.

Anzeni na matundu ya ordinatere

Mbele ya kwenda soko, tazameni pembeni ya ordinatere yenu. Tundu la picha linaweza kuwa moja kati ya haya manne:

- VGA: pana, mara nyingi ya rangi ya bluu, na vitundu 15 katika mistari mitatu. Iko kwenye ordinatere za zamani.
- HDMI: bapa, pembe mbili za chini zimekatwa. Ndiyo inaonekana zaidi.
- DisplayPort: inafanana na HDMI, lakini pembe moja tu imekatwa.
- USB-C: ndogo, ya duara pande zote, sawa na ile ya kuchajia simu mpya. Muangalie: si kila USB-C inatoa picha. Nyingine zinapitisha umeme na mafaili tu.

Kisha tazameni matundu ya ekrani munayotaka kununua. Kama yanalingana, kabli moja inatosha. Kama hayalingani, mutahitaji adapta, na adapta iko na njia yake. Ile inayotoa picha kwenye ordinatere ya HDMI na kuipeleka kwenye ekrani ya VGA haiwezi kufanya kazi ya kurudi nyuma. Mwambieni muuzaji wazi: "Ordinatere yetu iko na hii, ekrani iko na ile." Watu wengi wanapoteza makuta yao hapo.

Ekrani ya namna gani?

Kwa meza ya kupimia, inchi 22 ao 24 zinatosha. Mtu aliyesimama mbali ya metre mbili atasoma namba bila shida, kama sekretere amekuza maandishi. Tafuteni ekrani yenye nukta 1920 kwa 1080.

Chagueni ekrani isiyong'aa. Depo zetu ziko na milango mikubwa, na ekrani inayong'aa sawa kioo itawaonyesha mlango na uso wenu wenyewe.

Ulizeni pia kama ni ya namna ya IPS. Ekrani za namna hii hazibadilishi rangi sana mukizitazama kwa pembeni. Sisi watu wa kilimo tunalikazia neno hili, juu ekrani ileile itatumika siku ya mafunzo. Tukionyesha picha ya jani la muhogo lenye batobato mbele ya watu 15, wale wa pembeni wanapaswa kuona manjano ileile ambayo wa katikati wanaona. Bila hivyo, watarudi shambani na kungoa mashina mazima.

Televizyo yenye HDMI inaweza kutumika pia. Lakini mara nyingi inakata kingo za picha mpaka muirekebishe kwenye menyu yake, na televizyo kubwa inakula umeme zaidi.

Hesabu ya umeme

Ekrani ya LED ya inchi 22 inatumia karibu wati 20 mpaka 25. Zile za zamani zenye tumbo nyuma zinaweza kutumia wati 70 na zaidi; hata mukipewa bure, kwa biro ya umeme wa jua ni hasara.

Tufanye hesabu pamoja. Ordinatere inatumia wati 40, ekrani wati 25, jumla 65. Mukifanya kazi saa 6, ni wati-saa 390. Batri ya volti 12 na ampere-saa 100 iko na wati-saa 1200, lakini batri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo muko na 600 tu, na onduleri nayo inakula kidogo. Inatosha, lakini nafasi inayobaki ni ndogo. Siku ya mawingu, msichajie simu za kijiji kizima kwenye batri ileile.

Kama munatumia jenereta, wekeni regilatere kati yake na ekrani, juu umeme wa jenereta ndogo unapanda na kushuka. Radi ikianza, ngoeni prizi.

Siku ya kununua

Ekrani nyingi za Ariwara zinapita Arua, Uganda. Kule prizi ni ya miguu mitatu ya bapa, na yetu ni ya miguu miwili ya duara. Ombeni kabli ya umeme inayofaa kwetu.

Kama ni okazyo, beba ordinatere yenu na muijaribu palepale. Fungueni ukurasa mweupe mtupu: mistari, nukta nyeusi na madoa vitaonekana. Iacheni iwake dakika 15 mbele ya kulipa. Kisha muombe fakture yenye jina la kooperative, si jina la prezida. Ekrani ni mali ya wanachama na inapaswa kuandikwa kwenye daftari ya mali.

Kuunganisha

1. Zimeni vyote viwili.
2. Chomekeni kabli ya picha. Kama ni ya VGA, kazeni vise zake kwa vidole, bila nguvu.
3. Washeni ekrani, kisha ordinatere.
4. Kama ekrani inabaki nyeusi, bonyezeni kifungo cha Source kwenye ekrani na muchague tundu mulilotumia.
5. Kwenye ordinatere ya Windows, shikeni kifungo chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Machaguo manne yatatokea.

Mawili ndiyo yanatuhusu. "Dupliquer" inaonyesha kitu kilekile pande zote mbili: ni nzuri kwa mafunzo. "Étendre" inafanya ekrani mbili ziwe sawa meza moja ndefu: sekretere anabaki na daftari lote kwake, na anasukuma upande wa mkulima ukurasa wa mkulima yule tu.

Siku ya kupima, tumieni "Étendre". Mwanachama ana haki ya kuona kilo zake, deni lake na malipo yake. Deni la jirani yake si la kusomwa na watu wote waliopanga mstari. Wengine wanaacha "Dupliquer" juu ni rahisi, na kisha ugomvi unaingia kwenye familia.

Neno la mwisho

Ekrani haipimi. Kama mizani inadanganya, ekrani itaonyesha uongo uleule kwa herufi kubwa zaidi. Kwa hiyo, kila asubuhi wekeni kwenye mizani jiwe ao gunia ambalo uzito wake unajulikana, mbele ya wanachama wawili. Na karatasi ndogo ya kilo, yenye sahihi, iendelee kutolewa. Kuna wazee na mama wengi ambao hawasomi: sekretere asome kwa sauti huku akionyesha namba kwa kidole, na mkulima aitike mbele ya namba kuhifadhiwa, si nyuma.